Je, Wajua? Kilo za Risasi Kiunoni mwa Mpiga Mbizi

Uzito wa mkanda wa mpiga mbizi wa skuba haukisiwi kwa kumtazama mtu umbo. Unategemea mwili wake, nguo aliyovaa, mtungi alioubeba, maji anayoingia na hata pumzi zake. Wengi hudhani risasi huvaliwa ili mtu azame. La hasha: kazi yake halisi ni kumwezesha mpiga mbizi kutulia mita tano chini ya maji mwishoni mwa mbizi, mtungi ukiwa umekaribia kwisha. Ukiishika hiyo, yote yanayofuata yatakuwa na maana.

MWILI UNAPOELEA

1. Je, wajua kuwa hesabu ya mkanda wa risasi inatokana na mtu aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita? Archimedes, wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, aligundua kuwa kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyapisha.

2. Chukua mpiga mbizi ambaye mwili wake na vifaa vyake vyote vina ujazo wa lita 97. Baharini atasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 99 hivi. Ikiwa yeye na vifaa vyake wana kilo 96, ataelea. Zile kilo tatu na ushei zinazopungua ndizo risasi anayoitafuta.

3. Watu wawili wenye kilo 70 kila mmoja wanaweza kuhitaji mikanda tofauti kabisa. Lita moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilo 0.9, kwa hiyo huelea; lita moja ya misuli ina kilo 1.06 hivi, kwa hiyo huzama. Mwembamba mwenye misuli iliyokaza huhitaji risasi chache kuliko mnene wa uzito uleule.

4. Mapafu ya mtu mzima hubeba takriban lita sita za hewa yakijaa kabisa, ilhali pumzi ya kawaida ya mtu aliyepumzika ni kama nusu lita tu. Kila lita ya hewa unayoongeza kifuani hukuinua kwa kilo moja hivi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, mpiga mbizi hodari hupanda na kushuka kidogo kwa kupumua.

5. Ndiyo sababu wanafunzi wapya huomba risasi nyingi. Mwenye hofu huvuta pumzi ndefu asiitoe yote, mapafu yanabaki yamejaa, na mwili unakataa kuzama. Moyo ukitulia, pumzi nazo hutulia, na kilo moja au mbili huondoka mkandani bila kitu kingine kubadilika.

6. Lakini kuna jambo moja lisilo na mjadala: anayepumua hewa ya mtungi haruhusiwi kuzuia pumzi wakati wa kupanda. Hewa iliyomo kifuani hutanuka kadiri maji yanavyopungua juu yake, na inaweza kuchana mapafu.

KABLA YA MKANDA KULIKUWA NA JIWE

7. Wazamiaji wa sponji wa visiwa vya Ugiriki, kama vile Kalymnos na Symi, walishuka wakiwa wameshika jiwe bapa liitwalo skandalopetra, la kilo 8 hadi 14 hivi, lililofungwa kamba. Jiwe liliwashusha haraka, nalo lilitumika kama usukani wa kuchagua njia ya kwenda chini.

8. Katika Ghuba, wazamiaji wa lulu waliteremka na jiwe mguuni. Wakifika chini, jiwe lilivutwa juu kwa kamba yake, kisha mtu akavutwa kwa kamba ya pili. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki. Historia ya uzito wa mzamiaji inawahusu wao pia, na inafaa watajwe.

9. Wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, waitwao haenyeo, huzamia kombe na mwani bila mtungi. Walipoanza kuvaa nguo za mpira katika miaka ya 1970, walilazimika kufunga risasi kiunoni, kwa sababu nguo hizo huelea. Mwaka 2016 UNESCO iliutambua utamaduni wao kuwa urithi wa binadamu.

10. Vazi la Mark V la jeshi la majini la Marekani, lenye kofia kubwa ya shaba, lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80 pamoja na mkanda na viatu vyenye soli za risasi. Uzito huo ulihitajika kwa sababu vazi lenyewe lilijaa hewa na mvaaji alitembea chini ya bahari.

11. Mtungi wenye kifaa cha kupumulia kinachotoa hewa mtu anapoivuta, ule wa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan wa mwaka 1943, ulimtoa mpiga mbizi sakafuni. Sasa angeweza kuelea katikati ya maji, asigonge chini wala kuibuka juu. Hapo ndipo suala la kilo likawa suala la kilo moja moja.

KWA NINI RISASI?

12. Lita moja ya risasi ina kilo 11.3, ya chuma ina kilo 7.9, na ya jiwe la kawaida ina kama kilo 2.7. Kilo moja ya risasi ikiingia baharini hubaki na nguvu ya kuzamisha ya gramu 910. Kilo moja ya jiwe hubaki na gramu 620 tu. Wavuvi wetu wanalijua hilo kwa vitendo, ndiyo maana chubwi ya mshipi ni ya risasi.

13. Vipande vya mkandani katika vituo vyetu vya pwani huhesabiwa kwa kilo, lakini Marekani huhesabiwa kwa paundi. Aliyezoea paundi 10 huko anahitaji kilo 4.5 huku. Akiomba kilo 10, amejitwisha zaidi ya mara mbili ya anachohitaji. Mwongoza wapiga mbizi amuulize mgeni kipimo, asiulize namba peke yake.

14. Risasi ni sumu. Vipande vilivyo uchi huacha vumbi na rangi ya kijivu mkononi, kwa hiyo nawa kabla ya kula, na usimwachie mtoto avichezee. Vilivyofunikwa kwa plastiki ni bora zaidi kwa afya na kwa bahari.

NGUO INAYOSINYAA

15. Nguo ya mbizi ya neoprini imejaa viputo vidogo vya gesi, kwa kawaida naitrojeni. Viputo hivyo huhifadhi joto, na hivyohivyo ndivyo vinavyoielesha. Nguo hii ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

16. Wakufunzi wana makisio ya kuanzia. Kwa nguo ya milimita 3, risasi ya asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa milimita 5, asilimia 10. Mtu wa kilo 70 ataanza na kilo 3.5 kwa nguo nyembamba na kilo 7 kwa nguo nene. Haya ni makisio tu, na maji ndiyo yatakayotoa hukumu.

17. Msimu nao huingia mkandani. Wakati wa kaskazi, bahari ya Mafia, Pemba au Watamu inaweza kukaribia nyuzi 30, na wengi hutosheka na nguo nyembamba. Kusi ikishika, maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi, nguo nene zinatolewa kabatini, na risasi lazima iongezeke. Aliyezamia Februari kwa kilo tatu asishangae kuhitaji tano mwezi Agosti.

18. Nguo mpya huelea kuliko kuukuu. Kadiri inavyobanwa na maji, mbizi baada ya mbizi, viputo vyake hupasuka na unene wake hupungua. Ukinunua mpya, pima upya, hata kama imeandikwa milimita zilezile.

19. Robert Boyle alichapisha mwaka 1662 kanuni kwamba gesi ikibanwa mara mbili, ujazo wake hupungua hadi nusu. Chini ya maji, hilo hutokea katika mita 10 za kwanza tu. Katika mita 20 gesi hubaki theluthi moja, na katika mita 30 hubaki robo. Mabadiliko makubwa yako karibu na uso wa maji, na huko ndiko wengi wanakoshindwa kujizuia.

20. Kwa sababu hiyo, mtu yuleyule huwa mzito zaidi chini kuliko juu, ijapokuwa hajaongeza hata gramu moja. Nguo imesinyaa, maji inayoyapisha yamepungua. Jaketi la hewa lipo kwa ajili hiyo: unatia hewa kidogo unaposhuka, unaitoa unapopanda.

21. Silakanti, samaki wa kale anayeishi kwenye vina virefu vya maji ya Tanga na Komoro, amelikwepa tatizo hilo. Kiungo ambacho kwa samaki wengi hujaa gesi, kwake kimejaa mafuta, na mafuta hayasinyai kama gesi. Hifadhi ya bahari iliyotengwa kwa ajili yake huko Tanga ilianzishwa mwaka 2009.

22. Papa nao hawana kibofu cha hewa. Husaidiwa na ini kubwa lenye mafuta mengi mepesi. Papa potwe, jitu la bahari ambalo wageni hulifuata Mafia, ni mmoja wa ukoo huo.

MTUNGI UNAOPUNGUA UZITO

23. Je, wajua kuwa hewa unayoipumua ina uzito wa kuhesabika? Mtungi wa alumini wa lita 11, unaoonekana sana katika vituo vya nchi za joto, ukijazwa hadi kama baa 200 hubeba hewa ya kilo 2.7 hivi. Ukiupumua hadi baa 50, umepoteza takriban kilo mbili bila kudondosha kitu.

24. Mtungi huo ukiwa umejaa huzama kidogo, kwa nguvu ya kama gramu 700. Ukiwa mtupu huelea kwa nguvu ya karibu kilo mbili. Aliyepimwa akiwa na mtungi uliojaa na kuambiwa "uko sawa" anaweza kujikuta anavutwa juu baada ya dakika 45, wakati ambapo anahitaji utulivu kuliko wakati wowote.

25. Mtungi wa chuma wa lita 12 kwa kawaida huendelea kuzama hata ukiwa mtupu. Ukihama kutoka alumini kwenda chuma, unaweza kuvua kilo mbili hadi tatu mkandani. Muulize mwenye kituo ni mtungi gani kabla hujafunga mkanda.

CHUMVI NA MAJI BARIDI

26. Lita moja ya maji baridi ina kilo moja. Ya Bahari ya Hindi ina kilo 1.025 hivi. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kwa yule mpiga mbizi wa lita 97 ni karibu kilo mbili na nusu.

27. Kwa hiyo anayetoka Mnemba kwenda kutazama samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa apunguze kilo mbili hadi tatu. Na anayejifunzia katika bwawa la kuogelea asije baharini na kilo za bwawani, maana ataelea juu huku wenzake wakimsubiri chini.

28. Bahari ya Shamu ina chumvi nyingi kuliko Bahari ya Hindi, kama gramu 40 kwa kila kilo ya maji dhidi ya 35. Baadhi ya wapiga mbizi huongeza kipande kidogo wakifika huko.

29. Katika Bahari ya Chumvi, iliyo kati ya Yordani na Israeli na Palestina, lita moja ya maji ina takriban kilo 1.24. Mpiga mbizi yuleyule angehitaji zaidi ya kilo 20 za nyongeza ili azame humo.

30. Wanaanga nao hupimwa risasi. Katika bwawa la NASA mjini Houston, lenye kina cha mita 12 na zaidi ya lita milioni 23 za maji, wapiga mbizi huwafungia wanaanga vizito na vyelezo hadi wasipande wala wasishuke, wapate kufanya mazoezi ya kazi za nje ya chombo.

UKIZIDISHA, UKIPUNGUZA

31. Tuseme umevaa kilo nne zaidi ya unazohitaji. Mita 10 chini, utalazimika kutia lita nne za hewa kwenye jaketi ili usizame. Ukianza kupanda bila kuitoa, lita hizo huwa tano na theluthi moja ukifika mita tano, na nane ukifika juu. Kila lita iliyoongezeka ni kilo inayokuvuta. Kinyume na wengi wanavyodhani, uzito wa ziada ni njia mojawapo ya kurushwa juu kwa kasi ya hatari.

32. Risasi nyingi kiunoni hushusha miguu, na hewa nyingi jaketini huinua kifua. Mwili unakaa mshazari, kila hatua inasukuma maji mengi, na hewa ya mtungi inakwisha mapema. Mwenye uzito sahihi hulala sawasawa kama ngalawa iliyopakiwa vizuri, na mtungi wake humchukua mbali zaidi.

33. Miguu iliyoshuka hugonga matumbawe. Matumbawe ya mviringo hukua kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwaka, mengine chini ya hapo. Teke moja linaweza kuvunja kilichojengwa kabla mpigaji hajazaliwa. Kisite, Chumbe na Mafia hulindwa kwa sheria, lakini chini ya maji mlinzi wa karibu ni mpiga mbizi aliyepima uzito wake.

34. Upungufu nao una hatari yake. Wapiga mbizi hufundishwa kusimama mita tano kwa dakika tatu kabla ya kuibuka, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka taratibu. Mwenye risasi pungufu na mtungi uliokaribia kwisha hushindwa kusimama hapo. Huvutwa juu, apende asipende.

35. Mahali pa risasi ni muhimu kama idadi yake. Kilo moja ikitolewa kiunoni na kufungwa kwenye mkanda wa mtungi, miguu huinuka. Kabla ya kuongeza au kupunguza, jaribu kwanza kuhamisha.

JARIBIO LA USAWA WA MACHO

36. Jaribio lenyewe halichukui hata dakika tano. Ingia na vifaa vyote mahali usipofikia chini, weka kifaa cha kupumulia mdomoni, toa hewa yote jaketini, vuta pumzi ya kawaida na uishike. Usipige miguu. Maji yakikaa usawa wa macho, uko karibu. Toa pumzi: unapaswa kuzama polepole.

37. Miguu ndiyo hudanganya. Wengi huipiga bila kujua, wakajiinua, kisha wakaomba risasi zaidi. Vuka vifundo vya miguu na utulie.

38. Ukifanya jaribio na mtungi uliojaa, ongeza kilo mbili hivi kufidia hewa utakayoitumia. Bora zaidi, lifanye mwishoni mwa mbizi, geji ikisoma baa 50. Hapo ndipo ukweli wote uko wazi: mtungi mwepesi, nguo imelowa na kutoa hewa iliyojificha, na moyo umetulia.

39. Badilisha kilo moja kwa wakati mmoja, mbele ya mwalimu au mwongozaji wako. Anayevua kilo tatu kwa pamoja hawezi kujua ni ipi iliyokuwa ya lazima.

MKANDA UNAOFUNGUKA

40. Kifungo cha mkanda hutengenezwa kifunguke kwa mkono mmoja, na desturi ni kukipanga kifunguke kwa mkono wa kulia. Sababu ni mwenzako: katika dharura asilazimike kutafuta. Mkanda ukae juu ya kamba nyingine zote, usibanwe na chochote.

41. Ripoti za ajali za mbizi zimerudia jambo moja kwa miaka mingi: wengi wa waliopoteza maisha walikutwa bado wamevaa risasi zao. Wengine walikuwa tayari wamefika juu. Ukiwa juu na taabani, jaza jaketi. Likikataa, fungua mkanda uache uende. Risasi hununuliwa dukani siku yoyote.

42. Ukimpa mtu mkanda, shika ncha isiyo na kifungo. Ukishika ya kifungo, vipande vinaweza kuteleza na kumwangukia mtu mguuni, au kuzama kabla mbizi haijaanza.

43. La mwisho, na ndilo linaloyaunganisha yote: andika. Baada ya kila mbizi, weka kwenye daftari lako kilo ulizovaa, unene wa nguo, aina ya mtungi, maji ya chumvi au baridi, na ulivyosimama pale mita tano. Fundisha hivyohivyo kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii Nungwi, Diani na Kilindoni, kwa sababu wao ndio watakaowafunga mikanda maelfu ya wageni. Kijana anayejua kwa nini anampa mgeni kilo nne badala ya nane analinda mgeni, analinda mwamba, na analinda jina la pwani yetu.